Anza kwenye Tangi

Kila Afande alipotaka kufungua tangi la trekta yake, sisi sote tuliokuwa kiwanjani tulirudi nyuma. Hakufoka. Alisema tu, "Nyuma, nyuma, mwenye ufunguo iko nafungua," nasi tukasogea hadi ukutani. Kisha alitoa ndani ya shati ufunguo mdogo aliouvaa shingoni, kwenye kamba moja na medali ya Bikira Maria, akafungua kufuli, akazungusha kifuniko na kuinama juu ya tangi, mgongo wake mpana ukifunika kila kitu. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi na mtunza mafuta katika gereji ya polisi, na huko, alivyonieleza, mwenye ufunguo hufungua tangi peke yake. Mafuta yakipungua, anajulikana wa kuulizwa.

Trekta ilisimama Nsambya, hapa Kampala, nyuma ya nyumba za zamani za reli, kwenye kiwanja chenye mteremko ambako watu walianika nguo. Zamani ilikuwa nyekundu. Aliipata kwenye mnada, ikiwa na jembe lake la diski. Pale kiwanjani injini iliwaka vizuri na kuzima vibaya. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Iliwaka, ikanguruma, ikatembea kwa muda wa mtu kunywa chai bila haraka, halafu ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Ukitoa hewa kwenye mabomba ya mafuta na kuiwasha tena, ilikubali mara moja, kana kwamba haijawahi kuugua.

Tulijuana kwa sababu ya ugonjwa huo. Mimi nilitoka Kivu nikiwa kijana, na nina kibanda cha vipuri Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. Ufundi sikusomeshwa na mtu. Niliusoma mwenyewe katika vitabu vya mwongozo vilivyochakaa, kamusi ikiwa pembeni, na bado ninaamini kwamba kila hitilafu ina mlango wake ukiutafuta kwa utaratibu. Afande aliingia kibandani siku moja akiwa ameshika kipande cha bomba la shaba kama mtu aliyeshika nyoka.

"Wewe Mukongo, iko na washa za shaba za hii kitu?"

"Ninazo, Afande. Bomba linavuja?"

"Hapana vuja dizeli. Navuta hewa. Mafuta kutoka, wewe naona. Hewa kuingia, nani naona?"

Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, na mimi sikumwita jina lingine. Nsambya nzima ilimwita Afande, hata polisi waliomzidi cheo. Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya katikati. Chake cha kambini, kimekatwa pande zote kama nywele za askari, na changu cha Kivu ambacho nimekinyoosha kwa vitabu. Alinicheka kwa jinsi ninavyosema. "Unaongea kama redio," alisema. "Redio hapana tengeneza trakta."

*

Kanuni yake ilikuwa moja: anza kwenye tangi. Mafundi wengi, gari likikosa nguvu, hukimbilia pampu kubwa na nozeli, kwa sababu ndizo ngumu na ndizo zinazomfanya mteja aogope. Afande aliwadharau. Dizeli, alisema, ni kama askari wa doria: anatoka kituoni, anapita njia yake, anafika zamu. Akikosekana zamu, usianze kumtafuta zamuni. Rudi kituoni, uulize kama alitoka.

Nilimwona akiitumia kanuni hiyo kwa ajili ya mama mmoja wa matoke, ambaye pikapu yake ilikuwa ikizima kwenye kila mlima na kuwaka tena baada ya kupumzishwa. Mama yule alikuwa amekwisha kubadilishiwa pampu na mafundi wawili. Afande alikaa chini ya gari, akafungua bomba linalotoka tangini, akaacha mafuta yamiminike kwenye beseni. Yalimiminika vizuri. Fundi mwingine angeridhika. Yeye aliendelea kuyatazama, na baada ya kitambo yakaanza kunyong'onyea, yakawa uzi, yakakatika. Akapiga tangi kwa kiganja, yakarudi. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya nailoni kilichoelea huku na huko. Mafuta yalipokuwa yakivutwa, kilikwenda kujibandika kwenye tundu la kutokea. Gari likizima, kilibanduka na kuelea tena.

"Mama, adui yako ni kaveera," alimwambia, akimwonyesha kile kipande cha nailoni.

"Ssebo, hiki ndicho kilichonilaza njiani na mzigo ukaiva?"

"Hii. Kuna ugonjwa nyingine najificha wewe ukikuja kuangalia. Kama mutoto mwizi."

Yule mama alimletea mkungu mzima. Afande aliugawa kwa majirani akabakiza vidole vichache, kwa sababu, alisema, mtu wa kaskazini akila matoke siku mbili mfululizo magoti yake hulegea. Alipika mwenyewe, mboga chungu kwa karanga za kusaga, na hakuruhusu mtu aondoke kiwanjani kwake na njaa. Lakini spana zake hakuwahi kumwazima mtu. Ukihitaji spana ya Afande ulileta boliti yako.

Katika suala la wizi wa mafuta alikuwa kama padri mwenye uzoefu wa dhambi. Alijua kila njia. Alinisimulia habari za askari aliyetumbukiza sponji tangini kwa uzi na kuikamua kwenye jerikani, asubuhi hadi jioni, kwa uvumilivu ambao ungemfanya awe mtawa. Nilimuuliza alimkamata vipi. Alicheka hadi akashika ubavu.

"Alichukua sponji yangu!"

Kwa hiyo hakumwamini mtu yeyote karibu na dizeli. Trekta ilipofika kutoka mnadani haikuwa na kifuniko cha tangi, ilikuwa imezibwa kwa kitambaa. Alitengeneza chake mwenyewe kutokana na bamba nene la chuma na kipande cha bomba, akachomelea sikio la kufuli, na ndani akaweka duara la mpira lililokatwa kwenye tyubu ya lori. Alikisugua kwa msasa hadi kikang'aa. Nilipofika kiwanjani mara ya kwanza, alinishika bega akaniinamisha juu ya tangi lililofungwa.

"Nusa."

Nikanusa.

"Unasikia dizeli?"

"Hapana, Afande."

"Hata harufu hapana pita. Mwizi atapita wapi?"

*

Alikuwa na sababu ya kuitaka trekta ile itembee, na sababu hiyo ilikuwa moja tu. Kwao, kaskazini, kulikuwa na shamba la baba yake. Wakati wa vita watu waliishi kwenye kambi za wakimbizi, mipaka ikaota msitu, na walioijua wakafa. Waliporudi, wazee wa ukoo walikubaliana kwamba atakayelima ndiye atakayetambuliwa. Afande alikuwa kazini Kampala. Alipostaafu, mtoto wa kaka yake alianza kumpigia simu kila mvua zilipokaribia. Waliongea lugha yao, simu ikiwa kwenye sikio lake zima; sikuelewa neno, lakini niliuona uso wake ukijifunga kidogo kidogo. Kisha alinitafsiria.

"Anasema kuna mutu wa mjini nataka kulima yote, alizeti. Wazee nasema, kama mimi napita na hii mvua bila kulima, watampa."

"Panda basi uende, Afande. Kodi trekta hukohuko."

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu mbele ya watoto.

"Mimi nilitoka kule kwa miguu, na mfuko moja. Sasa narudi na basi, na mfuko moja? Watasema, serikali alimlisha miaka yote hii, sasa serikali alimtapika."

"Basi ipakie kwenye lori."

"Trakta yenye inafika juu ya lori ni maiti. Watatoka nyumbani na kulia."

Alitaka kuingia nayo uani akiwa juu ya kiti, jembe likiwa nyuma, moshi ukionekana tangu mbali. Hakuwa mtu wa majigambo. Hilo ndilo jigambo pekee nililomjua nalo, na alilishikilia kwa nguvu zote ambazo watu wengine huzigawa katika mambo mengi.

Tukaifuata dizeli, basi, kutoka tangini. Tulibadilisha washa za shaba zote. Tulibadilisha bomba la kwanza, kisha la pili. Tuliosha kikombe cha kioo kinachokusanya maji na uchafu. Tulifungua pampu ndogo inayovuta mafuta, tukaweka ngozi mpya. Tuliweka filta mpya. Kila mara alianza kama alivyofundishwa: nyuma, nyuma, ufunguo, kifuniko, akachungulia tangini, akasema, "Tangi iko sawa." Kisha nilitoa hewa kwenye filta na pampu, mapovu yakatoka, mapovu mengi, yakafuatwa na dizeli safi. Injini ikawaka. Tukatazamana. Ukapita muda wa mtu kunywa chai, ikazima.

Kuna jambo lililonisumbua. Tulipojaza tangi hadi juu, ilizima mapema zaidi. Lilipokuwa karibu kuisha, ilikwenda mbali. Nilimwambia ni kinyume cha mantiki. Alifikiri, akasema uzito wa dizeli nyingi unatikisa uchafu wa chini. Tukalishusha tangi, tukaliosha kwa mchanga na maji ya moto, tukalikausha juani pamoja na nguo za majirani, tukalirudisha. Akalifunga kwa kufuli. Ikazima.

Siku moja aliamua kwamba tatizo ni kusimama, kwamba mashine inataka barabara. Tulitoka Nsambya asubuhi, yeye juu ya kiti na kofia yake ya zamani, mimi nimesimama nyuma juu ya jembe na boksi la spana. Tulipita Kabalagala. Watu walitupisha, wengine walipiga saluti. Nilimwona anavyokaa, mgongo umenyooka, na kwa muda ule niliamini. Kabla ya kufika Kansanga, penye mwinuko, ikakohoa. Ikazima katikati ya barabara, magari yakapiga honi nyuma yetu, na vijana wa bodaboda wakajikusanya kama nzi.

"Afande, tukuletee ng'ombe?"

"Mzee, hiyo inataka chai na mandazi!"

"Rudisha mnadani, sema ulikuwa unaijaribu!"

Afande alishuka. Akanyoosha mkono, mbele ya honi zote zile.

"Nyuma, nyuma. Mwenye ufunguo iko nafungua."

Nao wakarudi nyuma, kwa sababu sauti ile ilikuwa bado ya polisi. Akafungua, akachungulia, akafunga. Mimi nikatoa hewa. Ikawaka mara moja, bodaboda wakashangilia, na Afande akageuza usukani kurudi Nsambya. Ilizima mara nyingine kabla hatujafika.

Jumapili alikwenda misa kanisani pale mlimani, amevaa koti. Nilimuuliza mara moja kama huombea trekta. Alisema hapana, Mungu si fundi makanika, na asiyefuata njia ya dizeli asimsingizie Mungu. Lakini jirani yake, mke wa askari, aliniambia kwamba alimwona akinyunyizia radieta maji ya baraka, asubuhi, alipodhani hakuna mtu.

*

Mvua ile ikapita, na iliyofuata ikapita. Wazee wa ukoo walimwongezea muda kwa heshima ya sare aliyowahi kuvaa. Halafu simu zikapungua. Yule mtoto wa kaka yake alipopiga mara ya mwisho hakuzungumza kwa kirefu. Afande aliweka simu kwenye tairi la nyuma, akachukua kitambaa, akafuta kikombe cha kioo ambacho kilikuwa safi.

"Wamelima," alisema. "Yule mutu alikodi trakta."

Niliuliza kama haiwezekani kwenda, kuzungumza, kudai hata kipande.

"Atakayelima. Mimi nilikubali hiyo maneno. Sasa nitasema nini? Kwamba bomba alivuta hewa?"

Aliendelea kuitengeneza. Hilo ndilo lililonisikitisha kuliko yote. Alikuja kibandani kuulizia mpira, washa, ngozi ya pampu, kwa sauti ileile, ila sasa hakusema tena "mvua hii". Kisha asubuhi moja majirani walimkuta amekaa chini, ameegemea gurudumu, mkono wa kulia hausikii na mdomo umeenda upande. Wakamkimbiza hospitali pale mlimani. Binti yake, ambaye naye ni polisi, alimchukua baadaye nyumbani kwake Ntinda. Kiwanja kilihitajika. Trekta ikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu.

Binti alinipigia simu baada ya majuma kadhaa.

"Anko, samahani kukusumbua. Baba anauliza kifuniko."

"Kifuniko kipi?"

"Cha tangi. Kila siku. Ameshika ule ufunguo, anasema kufuli yake iko wapi. Nimemwambia tutamnunulia kufuli nyingine, amekasirika. Bambi, tafadhali, kama unaweza kukipata."

Nilikwenda kwa wale wa vyuma. Trekta ilikuwa imekwisha kukatwakatwa, lakini shingo ya tangi walikuwa wameitupa pembeni, kifuniko kikiwa juu yake bado kimefungwa. Hawakuwa na ufunguo, na bamba lilikuwa nene mno kwa kusumbuka nalo. Wakanipa bure.

Nilikibeba hadi kibandani, nikakisafisha. Kipande kile kilikuwa kama kikombe kilichopinduliwa, kifuniko ndicho kitako chake. Mkono wa fundi una mazoea: ukishika kitu chenye uwazi unakipuliza kuona kama njia iko wazi. Nikaweka mdomo kwenye ukingo, nikapuliza. Mashavu yakajaa. Hewa haikupita popote. Nikapuliza tena, kwa nguvu, hadi masikio yakaziba.

Nikakaa kwenye benchi.

Kila kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Dizeli inapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake, la sivyo tangi huanza kuyanyonya mafuta yake lenyewe, na pampu huvuta hadi ishindwe, na kila kiungo cha bomba chenye upenyo mdogo huanza kuingiza hewa. Tangi likiwa limejaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo hushindwa mapema. Na ukifungua kifuniko kutazama, hewa huingia yote kwa mkupuo, na hitilafu huondoka. Afande alianza kwenye tangi kila siku. Kila siku aliiponya trekta yake kwa kuikagua, kisha akaufungia tena ugonjwa wake ndani kwa kufuli. Pengine tangi lilipiga mluzi lilipofunguliwa. Sikio lake moja lilikuwa limekufa gerejini, la pili zito, na sisi tuliokuwa na masikio tulikuwa ukutani.

Niliwaza kutompelekea. Lakini alikuwa akikiuliza kila siku. Niliwaza kumpelekea kama kilivyo, nikaona jinsi mkono wake mzima, kwa mazoea yaleyale, ungekipeleka mdomoni, apulize. Mwishowe nikachukua keekee yenye ncha nyembamba kabisa niliyonayo, nikatoboa tundu katikati ya bamba, hadi kupita mpira. Nikalipaka grisi chafu na masizi, ili lionekane la zamani. Nikapuliza. Hewa ikapita.

*

Alikuwa amekaa dirishani, nyuma ya pazia la kijani, magari ya Ntinda yakisikika nje. Alikuwa amepungua. Maneno yalitoka polepole, yakivuta mguu mmoja.

"Mukongo. Unaongea bado kama redio?"

"Bado, Afande. Betri zimechoka tu."

Nikamwekea kile kipande mapajani. Alikishika kwa mkono wa kushoto muda mrefu, akikizungusha. Kisha akaingiza vidole ndani ya kola, akautafuta ufunguo. Bila kunitazama akasema:

"Nyuma, nyuma."

Nikainuka kwenye kiti, nikarudi hadi ukutani. Binti yake, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, akarudi pia hatua moja. Nadhani alilelewa hivyo. Afande alibana shingo ya tangi kati ya magoti, akainamisha kichwa chote hadi ufunguo ufike, akafungua kufuli. Akakizungusha kifuniko. Akachungulia ndani ya lile shimo ambalo sasa lilionyesha zulia tu. Akakigeuza kifuniko, akakiinua kuelekea dirishani.

Mwanga ukapita. Nukta moja, ikaangukia shavuni mwake.

Aliitazama. Akaweka kidole gumba juu ya tundu, akakitoa. Akakiweka tena, akakitoa.

"Hii tundu mimi hapana toboa."

"Afande, labda kutu…"

"Mukongo. Mimi ndiye nilitengeneza."

Nje bodaboda zilipita. Alikilaza kifuniko kwenye goti, akawa anakitazama kama alivyoyatazama mafuta ya yule mama wa matoke, akingoja yakatike.

"Nikifungua," alisema, "hewa naingia."

"Ndiyo, Afande."

"Halafu nafunga."

"Ndiyo."

Kisha akaniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza kama mtu anayejua jibu.

"Ingefika?"

Ningeweza kumtajia giaboksi, au tairi, au urefu wa ile barabara. Lakini nilikuwa nimesimama juu ya jembe lile kupita Kabalagala, na ninajua injini.

"Ingefika."

Binti aliweka sinia mezani. "Baba, ndicho ulichokuwa unataka?"

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Akarudisha kifuniko mahali pake, akakizungusha, akabana kufuli. Baada ya hapo akanung'unika, "Mwenye ufunguo ndiye naulizwa," akaanza kuutoa ufunguo kwenye kamba. Fundo lilikuwa la miaka mingi, limekaza kwa jasho, na mkono ulikuwa mmoja. Akalivuta kwa meno. Medali ikampiga kidevuni. Nilisogea kumsaidia.

"Nyuma," akasema.